Msichana wa Kwenye Kaseti

Kabla Lusia hajamaliza kutaja jina la kipindi, simu zote mbili za studio zilikuwa zinaita. Hakushangaa. Wiki iliyotangulia alikuwa amewaahidi wasikilizaji wa Mbeya, Iringa na Njombe kwamba kipindi chake cha Jumamosi asubuhi, "Wimbo Ulitoka Wapi", kingeanza kumsaka msichana aliyeimba "Ukungu". Na ukitaka kuwachokoza watu wa Nyanda za Juu Kusini, wachokoze kwa wimbo huo.

Hakuna bibi harusi aliyeingia ukumbini Makambako, Mafinga wala Tukuyu bila "Ukungu". Hakuna kipaimara, hakuna timu iliyopanda daraja. Unaanza kwa gitaa jembamba peke yake, kisha inaingia ile sauti ya msichana, nyororo na ya juu, na kadiri wimbo unavyosogea ndivyo unavyozidi kwenda mbio, mpaka ubeti wa mwisho wazee wanashika viuno na vijana wanaruka. Gitaa likishanyamaza inasikika milio mitatu ya kitu kigumu kikigongwa, miwili ya harakaharaka, wa tatu wa kuchelewa. Hapo ukumbi mzima hupiga mguu chini mara tatu. Asiyejua kuungoja ule wa tatu anajulikana papo hapo kwamba si mtu wa huku.

Na wimbo wote huo, pamoja na umaarufu wake, haukuwa na mwenyewe. Ulitoka mwaka themanini na sita kwenye kaseti isiyoandikwa jina, ukanakiliwa sokoni Mwanjelwa, ukaenea. Mwaka huu kijana mmoja mwanamuziki wa Dar es Salaam aliuchukua akauongezea ngoma zake, na nchi nzima ikawa inauliza msichana yule ni nani. Wajuaji hawakukosekana. Mtaalamu mmoja wa muziki aliketi mbele ya Lusia na kusema, bila hata kupepesa macho, kwamba ile milio mitatu ni chupa ya soda inayogongwa kwa kijiko, na kwamba lile si gitaa la kawaida bali ni chombo kidogo cha watoto.

Wanawake saba walipiga simu Jumamosi ile, kila mmoja akidai ndiye. Sita walikatiwa kwa heshima. Wa saba, mama mmoja wa Kilolo aitwaye Bertha, aliimba beti mbili kwenye simu, na Crispin, msimamizi wa vipindi, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya kioo, aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"Ndiye huyu! Lusia, tumempata! Wiki ijayo aje hapa, laivu, tumtangaze. Mkoa utatikisika!"

Lusia alicheka pamoja naye. Lakini alikuwa anajua simu inayofuata itatoka wapi. Ilitoka Nyololo, kwa mama yake.

"Nimesikiliza," alisema Mama Lusia, hata salamu hakutoa. "Huyo wa Kilolo anakuja lini?"

"Jumamosi ijayo, mama."

"Na mimi nakuja."

"Kufanya nini sasa, mama?"

"Kumwona sura. Miaka thelathini na tisa naisikia sauti yake kwenye harusi za watu, mpaka harusi ya mdogo wangu mwenyewe. Sauti nimeshiba. Nataka sura. Sitamfanya kitu, mwanangu, nitamwangalia tu."

Lusia alikuwa anaujua mwangalio wa mama yake, na kwa kweli angeona nafuu kama angesema anakuja na fimbo.

Sasa hapa lazima isemwe siri ya nyumba ya Mzee Anania wa Nyololo, ingawa pale Nyololo kwenyewe haijawahi kuwa siri. Mwaka ule wa themanini na sita Anania alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa kwaya ya Walutheri, na alikuwa amempenda Veneranda, binti aliyekuwa akipika kwenye bwalo la kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Siku zile mtu mwenye ndugu wa mbali hakuandika barua tu. Aliazima redio kaseti, akajirekodi akisalimia, akaituma kaseti kwa mtu anayekwenda huko. Anania hakutaka kusalimia. Alitunga wimbo, akaurekodi, akaifunga kaseti kwenye karatasi aliyoandika maneno mawili tu: "Nimekuimbia mwenyewe."

Veneranda aliipokea kwa furaha iliyopitiliza. Akaazima redio ya msimamizi, akawaita wapishi wenzake wawili waje wamsikie mchumba wake, akabonyeza. Ikatoka sauti ya msichana. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. "Ndiye mwenyewe huyo?" waliuliza. "Mbona anaitwa Anania?" Veneranda aliichomoa kaseti ile, akatoka nayo hadi kwenye lori lililokuwa linapakia karatasi, akampa dereva. Alimwambia akaitupe mbali, baada ya Makambako ndiyo vizuri zaidi. Dereva hakuitupa. Safari ilikuwa ndefu, akaisikiliza, akaipenda, akampelekea mnakili kaseti wa Mwanjelwa. Baada ya miezi mitatu ilikuwa inalia kila baa. Kwa maneno mengine, wimbo ule ulisambazwa na hasira za Mama Lusia.

Anania alitembea kwa miguu hadi Mgololo kujitetea. Aliapa. Aliimba pale pale mlangoni mwa bwalo, kwa sauti yake ya kiume. "Maneno ni yale," Veneranda alimwambia, "sauti siyo." Aliulizwa mbona kwenye kaseti ni msichana, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na jibu, alisema labda ukungu wa siku ile ulimbana koo. Afadhali angenyamaza. Ukungu gani unaomgeuza mwanamume mwanamke?

Hata hivyo alikuwa kijana mwema, naye Veneranda alimpenda, wakaoana mwaka uliofuata. "Nimekusamehe," alimwambia, "ila tusiongee tena habari za huyo msichana wako." Hicho ndicho kilichomla Anania polepole. Alikuwa amesamehewa kosa ambalo hakulitenda, na msamaha wa namna hiyo huwezi kuukataa bila kuonekana una kiburi. Kwenye harusi wimbo ukianza, walikuwepo watani wa kumpigia kelele: "Anania, wako huo! Vaa kitenge ukaimbe!" Naye alitabasamu kwa shida, akaendelea kusema, kwa yeyote aliyeuliza, kwamba ni yeye.

Aliendelea hivyo mpaka Lusia alipofika miaka kumi na mitano. Lusia alikuwa anasoma bweni Iringa, na huko alikuwa amejisifu kwamba baba yake ndiye aliyeimba "Ukungu". Walimcheka muhula mzima. Alirudi likizo ya Krismasi na uchungu wake, na siku ile ndugu wamejaa sebuleni, baba yake alipoanza tena, alimwambia mbele ya watu wote, "Baba, si ukubali tu yaishe?" Mzee Anania alimtazama mwanaye, akaweka kikombe chini. Tangu siku ile hakuutaja tena wimbo huo, na mwaka uliofuata aliacha kufundisha kwaya.

Kwa hiyo Jumamosi inayokuja ilikuwa na maana moja tu. Binti wa Mzee Anania angesimama mbele ya kipaza sauti na kuitangazia mikoa mitatu kwamba baba yake ni mwongo, na mama yake angekuwepo kushuhudia. Lusia alikuwa na miaka thelathini na saba na bado hakumwamini baba yake. Hilo lilimuuma kuliko yote. Aliona lililobaki ni kwenda kumwandaa.

Alhamisi alipanda basi la alfajiri, na kabla ya saa sita mchana alikuwa Nyololo. Alimkuta mzee nyuma ya nyumba anachambua mbegu za viazi, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona katikati ya wiki? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Alikaa kwenye kigoda, akamweleza habari za mama wa Kilolo, jinsi alivyoimba vizuri na jinsi Crispin alivyokwisha kuamua. Mzee alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na viazi.

"Basi mtangazeni," alisema mwishowe. "Kusema aliimba, hayo ni mambo yenu ya redio. Ila usiseme alijuana na mimi. Huyo mama ana watoto wake na wajukuu. Usimwingize kwenye makosa yangu ambayo sina."

Lusia alisogeza kigoda karibu. Alimsaidia viazi. Mama yake alikuja, wakala, Lusia akaonyeshwa kitenge kilichopigwa pasi tayari kwa safari ya kwenda kuona sura. Saa kumi jioni Lusia alikuwa amerudi kule nyuma na baba yake, amesimama, anatafuta namna ya kuaga, ndipo kengele ya kanisa ilipogongwa kuita kwaya.

Mguu wake wa kulia ukapiga chini mara tatu.

Hakuwa ameuamuru. Ulipiga wenyewe, kama unavyopiga kwenye kila harusi tangu akiwa mtoto: mara mbili haraka, ukangoja, mara ya tatu. Mzee Anania aliinua macho akautazama mguu, kisha akamtazama mwenye mguu.

"Unakanyaga nini?"

"Baba," Lusia alisema, "hii kengele inagongwa hivi siku zote?"

"Unaniuliza wewe uliyezaliwa hapa? Mbili za kuamsha, moja ya kungoja waliolala. Hapa kwetu hatujawahi kugonga vingine."

"Ni kengele ile ile ya zamani?"

"Kengele gani, ni rimu la lori. Lipo pale tangu mwaka sabini na nne."

"Na ule wimbo ulirekodi wapi?"

Mzee aliacha viazi, maana ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini bila mtu wa nyumba hii kumuuliza swali hilo. "Chumba cha nyuma ya kanisa," alisema. "Gitaa la kwaya lilikuwa haliruhusiwi kutoka. Nikamaliza kuimba, kengele ikagongwa hapo hapo, nikazima."

Lusia hakuaga. Alikimbia. Mwanamke mzima, mtangazaji anayejulikana mikoa mitatu, alikata katikati ya shamba la mahindi la jirani na viatu vya mjini, simu mkononi, akapanda kilima hadi kanisani. Alimkuta Dastan, mzee wa kanisa, ndiyo kwanza anakiegemeza chuma chake ukutani.

"Baba Dastan, naomba ugonge tena! Nataka kurekodi."

"Nigonge tena? Huwezi kugonga mara mbili, binti. Watu watajua kuna aliyekufa."

"Tutawaambia hajafa mtu. Tafadhali, baba, nitakueleza!"

Dastan alitazama huku na huku kwa mashaka, akainua chuma, akaligonga rimu. Mlio ukatoka mzito, ukatetemeka hewani. Lusia aliurekodi wote mpaka ulipofifia. Na kweli, kabla hajaizima simu, watu walianza kutokea mashambani na majembe mabegani, kinamama wamefunga khanga viunoni, wanauliza nani amefariki. Ilimbidi Dastan asimame kwenye ngazi za kanisa na kutangaza kwamba hajafa mtu, ni mambo ya redio. Wengine walirudi wakinung'unika, kwa sababu tayari walikuwa wameanza kulia.

Ijumaa saa mbili asubuhi Lusia alikuwa mlangoni kwa Ombeni, fundi mitambo wa kituo, mtu mtaratibu asiyeamini jambo mpaka alione kwenye kompyuta.

"Nipe mwisho wa 'Ukungu', ile milio mitatu," Lusia alimwambia. "Halafu weka na huu."

Ombeni alivaa vifaa vya masikioni, akasikiliza moja, akasikiliza nyingine. "Mpangilio ni ule ule," alikubali. "Lakini dada, hii ya kwenye wimbo ni chupa. Hii yako ni chuma kikubwa. Havifanani."

"Rimu halibadiliki, Ombeni. Halizeeki, halipati mafua. Kama ni lile lile na mlio umepanda, basi kilichopanda ni kaseti. Punguza kasi."

Ombeni alimtazama, akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Akashusha kasi hadi tisini kwa mia. Ile chupa ikawa kama sufuria. Themanini na tano. Themanini. Sufuria ikawa chuma. Sabini na tano. Lusia alikuwa amemshika bega na kucha zinamwingia. Ilipofika sabini na mbili, Ombeni alicheza milio yote miwili kwa pamoja, na ikawa mlio mmoja, mzito, unaotetemeka.

"Noma," alisema Ombeni kwa sauti ya chini.

"Rudi nyuma. Nipe ubeti wa mwisho kwa kasi hiyo hiyo. Usiguse kingine."

Gitaa likaingia, gitaa la kawaida kabisa, la ukubwa wa gitaa. Kisha mwanamume akaimba. Alikuwa kijana, sauti imejaa kifua, na alikuwa akiitamka "r" kwa ule mburuzo mdogo ambao Lusia aliusikia kila asubuhi ya utoto wake akiamshwa kwenda shule. Alipiga ukelele. Akaweka mikono miwili mdomoni, akazunguka chumba, akarudi, akamkumbatia Ombeni na kiti chake, akawa analia na kucheka, hajui lipi liko mbele.

"Ni nani?" Ombeni aliuliza, naye ameshasimama.

"Ni baba yangu!"

Lakini Ombeni ni Ombeni. Alirudisha wimbo mwanzo, na kwa kasi ile ile mwanzo ulikuwa unasinzia, sauti nzito kupita kiasi, karibu ya zimwi. Akakunja uso. Mwanzoni kaseti haikuwa imepanda sana kama mwishoni, alisema, kana kwamba mashine ilikuwa inachoka kadiri inavyorekodi. Lusia alikuwa ameshapiga simu.

"Baba, siku ile ulirekodi kwa umeme au kwa betri?"

"Umeme gani Nyololo mwaka ule? Betri. Tena zilikuwa zimekwisha. Ningezianika juani zipate nguvu, lakini huku kwetu Mufindi mwezi wa saba jua hulioni, ukungu ulikuwa una wiki nzima. Nikazipasha jikoni pembeni ya moto."

Lusia alirudia maneno hayo kwa sauti, na Ombeni akapiga meza kwa kiganja. Yote yakawa wazi. Betri zikiwa dhaifu, mashine inarekodi kwa kujikokota. Kaseti hiyo ukiicheza kwenye redio nzima, kila kitu kinapanda na kwenda mbio. Na kwa kuwa betri za Anania zilizidi kufa ubeti hadi ubeti, wimbo nao ulizidi kukimbia ubeti hadi ubeti. Zile mbio za mwisho, ambazo watu wamezirukia kwa miaka thelathini na tisa, zilikuwa betri zinakata roho. Walicheka mpaka Crispin akaja kuuliza kuna nini.

Alipoelezwa, Crispin alishika kichwa. "Lakini Mama Bertha ameshapanda basi!"

"Aje," Lusia alisema. Kisha akarudi kwenye simu, ambayo hakuwa ameikata. "Baba, leo jioni usimwache mama apande basi peke yake. Njoo naye. Usiniulize kitu, njoo tu."

Jumamosi saa tatu na nusu Mama Bertha alikuwa ameketi mapokezi, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, amevaa sare ya kwaya yake. Mama Lusia aliingia na kitenge chake kilichonyooka, mumewe nyuma yake, akaketi mkabala na mgeni akaanza kazi iliyomleta. Aliangalia. Aliangalia viatu, akapanda hadi kilemba, akashuka tena.

"Wewe, mume wangu ulijuana naye wapi?" aliuliza hatimaye.

"Mume yupi, dada?" Bertha alishangaa.

"Huyu."

Bertha alimtazama Mzee Anania kwa nia njema kabisa, kama mtu anayetaka kusaidia. "Huyu simfahamu," alisema. "Labda tulisali pamoja mahali?"

Mzee Anania aliitazama dari. Lusia aliwawahi kabla mama yake hajafungua tena mdomo, akawaingiza studio wote watatu, akawapanga kila mmoja na kipaza sauti chake. Taa nyekundu ikawaka.

Alianza na Mama Bertha, akamuuliza wazi kama yeye ndiye aliyerekodi kaseti ya mwaka themanini na sita. Bertha, akiona taa ile na nyuso zile, alicheka kwa aibu. Hapana, alisema, yeye alijifunza kwenye kaseti kama watu wengine wote. Ila ameuimba kwenye harusi nyingi mno, mpaka Kilolo wakamwita mwenye wimbo, na jina hilo likamwingia. Lusia alimshukuru kwa moyo wote, maana ukweli ule ulikuwa umemwondolea kazi nzito.

"Wasikilizaji," alisema, "kabla sijaupiga, mimi nina la kuomba radhi. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilimwambia baba yangu, mbele ya watu, akubali yaishe. Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Baba, nisamehe." Kisha akaeleza habari za rimu la lori, ukungu wa Mufindi na betri zilizopashwa jikoni, upesi upesi, kwa sababu alikuwa hawezi tena kusubiri. "Huu ndio 'Ukungu', jinsi ulivyoimbwa. Haujawahi kusikika."

Ombeni, aliyekuwa ameushusha kasi ubeti kwa ubeti, akabonyeza.

Ulikuwa wimbo wa polepole. Kwa kasi ile ya harusini hakuna mtu aliyekuwa anayasikia maneno, watu walikuwa wanacheza tu. Sasa kila neno lilikuja peke yake, kwa sauti ya kijana wa miaka ishirini na minne, na kijana mwenyewe alikuwa ameketi pale na mvi zake, kofia mapajani, hatazami mtu.

"Ukungu ukiondoka nitaiona njia,
njia nikiiona nitakuja kwako.
Sijui kusema, ndiyo maana naimba.
Kama umenisikia, niambie umenisikia."

Mama Lusia hakusogea. Ubeti wa kwanza alikuwa bado anamkodolea Bertha. Wa pili aligeuka. Wa tatu mkono wake ulikuwa umefika mdomoni, na machozi yalikuwa yanapita juu ya vidole bila yeye kuyafuta. Kengele ilipolia mwishoni, nzito, mara mbili na kisha mara moja, hakuna aliyepiga mguu.

Nyuma ya kioo Crispin alikuwa anazungusha mikono kwamba mtu aseme kitu, redio haikai kimya. Hakuna aliyemjali. Mama Lusia alikivuta kipaza sauti karibu yake kwa mikono miwili.

"Nimekusikia," alisema. Akapumua. "Na ule msamaha niliokupa, baba Lusia, nirudishie. Haukuwa wako. Nipe wewe wa kwangu."

Mzee Anania aliigeuza kofia yake mapajani, akaigeuza tena. Kisha akaunyoosha mkono juu ya meza, mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa umri wake Nyololo hawalifanyi.

"Chukua, Veneranda," alisema.

Tangu azaliwe, Lusia hakuwahi kumsikia akimwita mama yake kwa jina.